Anajuaje nyumba hii? Mwongozo kamili wa kumwandika muuaji wa familia katika tamthilia ya uhalifu

Miswada mingi ya uhalifu huanza na damu. Usiku, mvua, mbwa anabweka, kivuli kinapita dirishani, asubuhi jirani anapiga yowe. Kufika kipindi cha tatu mwandishi amekwama, kwa sababu muuaji wake hana kazi, hana mtaa, wala hana sababu ya kuingia nyumba hii akaiacha ya jirani. Amebaki koti jeusi lenye panga.

Muuaji anayevizia mtu mmojammoja anaweza kukusamehe uzembe huo kidogo. Mtu mmoja hukutwa kituoni, baa au njia ya mkato. Familia haikutwi njiani ikiwa imekamilika. Iko ndani, imefunga geti, imeshusha pazia. Anayeilenga lazima awe ameijua kabla ya usiku ule: wako wangapi, baba yuko safarini au amerudi, watoto wanalala chumba gani. Alivyojua ndiyo tamthilia yako. Ukipata jibu la swali hilo umepata kazi ya muuaji, tabia yake, kosa lake na njia ya kumkamata, na vyote vitakaa pamoja bila gundi.

Nitatumia hadithi mbili za Marekani, ambako mhusika wa aina hii amelelewa akakomaa, na kesi moja ya kweli ya hukohuko. Kisha tutajenga wa kwetu, Dar es Salaam, hatua kwa hatua, tangu wazo hadi mahojiano ya mwisho.

Hatua ya 1: Jua unaandika mauaji ya aina gani

Baba anayeua mke na watoto wake ni hadithi nyingine kabisa. Majambazi wanaovamia nyumba wakaua wakitafuta fedha ni nyingine pia. Mhusika wetu ni mtu wa nje anayerudia. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliwakutanisha wataalamu San Antonio, Texas, mwaka 2005, wakakubaliana kwamba mauaji ya mfululizo ni ya watu wawili au zaidi, yanayofanywa na muuaji yuleyule katika matukio tofauti.

Kwako wewe mwandishi, hapo kuna kazi mara moja. Watu watano wakifa nyumba moja usiku mmoja, hilo ni tukio moja. Hakuna mfululizo bado, na hakuna polisi mwenye akili timamu atakayesema upo. Atatafuta aliyegombana na marehemu. Kwa hiyo unahitaji nyumba ya pili, na unahitaji kuamua nani anazihusisha nyumba hizo mbili, lini, na kwa nini wengine walishindwa. Panga nyumba tatu kwa msimu mmoja. Mbili ni chache kwa muundo kuonekana, na nne zitamchosha mtazamaji hadi aanze kuhesabu maiti badala ya kuwaonea uchungu.

Hatua ya 2: Mpe mlango

Katika riwaya ya Red Dragon ya mwaka 1981, Francis Dolarhyde anaua familia mbili katika miji miwili tofauti, Birmingham na Atlanta. Familia hizo hazijuani na hazina rafiki wa pamoja. Mpelelezi Will Graham anahangaika na swali letu: alijuaje nyumba zile kwa ndani? Jibu linatoka kwenye filamu ambazo familia hizo zilijirekodi zenyewe, watoto wakicheza, mama akicheka, mbwa akirukaruka. Zote zilikwenda kusafishwa maabara moja, na Dolarhyde alikuwa mfanyakazi wa maabara hiyo. Alizitazama, akazirudia. Furaha waliyoirekodi ndiyo iliyomfungulia.

Tazama kazi inavyobeba mambo manne kwa pamoja: inampa nafasi ya kuchagua, inamfundisha ramani ya nyumba, inaeleza moyo wake (mtu aliyekaa gizani akitazama watu wengine wakipendana), na inaacha alama itakayomkamatisha. Kazi utakayompa muuaji wako ipime kwa mizani hiyo. Ikitimiza moja tu, iache.

Maisha ya kweli nayo hayana haya. Dennis Rader aliua watu kumi Wichita, Kansas, na vitongoji vyake kati ya 1974 na 1991. Tukio lake la kwanza, Januari 1974, lilikuwa la watu wanne wa familia moja. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho aliajiriwa na kampuni inayofunga ving'ora vya ulinzi majumbani. Watu waliogopa muuaji wa mjini, wakaita kampuni, na aliyeweza kubisha hodi na mfuko wa vifaa ni yeye. Ukiandika hivyo kwenye muswada, mhariri atakwambia umezidisha kinaya.

Sasa rudi nyumbani. Nani huingia hadi vyumbani kwetu bila kutiliwa shaka? Msoma mita wa umeme hayuko tena kwa wengi tangu tuanze kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ingawa wa maji bado anapita. Karani wa sensa huuliza mmelala wangapi, akaandika umri na jinsia ya kila mmoja; lakini sensa Tanzania huja kila baada ya miaka kumi, na muuaji wako hawezi kusubiri hivyo. Dalali anajua nyumba tupu kuliko yenye watu. Fundi king'amuzi anaishia sebuleni na juu ya bati. Mpiga video wa harusi anaingia kila mahali, ila huyo yuko jirani mno na Dolarhyde, na msomaji mjanja atakubaini.

Mimi ningemchukua fundi wa kuchomelea, anayetengeneza magrili ya madirisha. Anakuja na futi kamba, anapita chumba hadi chumba, anauliza hiki cha nani na hiki cha nani ili ajue dirisha lipi liwe na nondo nene. Anarudi wiki moja baadaye kufunga. Mama mwenye nyumba anamkaribisha chai. Na kitu anachokiuza ni usalama wao. Mweke kwenye mitaa mipya ambako watu huhamia kabla nyumba haijaisha: Goba, Kibada, Chanika. Huko mafundi wanaingia na kutoka mwaka mzima, majirani hawajazoeana, na mbwa wamechoka kubwekea kila mtu.

Hatua ya 3: Kwa nini familia, na kwa nini hii

Hapa ndipo waandishi wengi hutupa kichaa mezani na kuondoka. "Ana matatizo ya akili" haielezi kitu, na zaidi ya hapo inawatukana maelfu ya wagonjwa wasiomdhuru mtu. Vilevile usimpe kabila, dini wala ulemavu kama sababu. Sababu lazima itoke kwenye jambo alilolitaka kwa familia akalikosa, au alilofanyiwa na familia likabaki.

Mfano mzuri wa pili ni Arthur Mitchell katika msimu wa nne wa Dexter, tamthilia ya runinga, uliorushwa 2009. Aliigizwa na John Lithgow, aliyepata kwa kazi hiyo tuzo za Golden Globe na Emmy. Mitchell haangamizi nyumba nzima usiku mmoja. Anaua watu wasiojuana, kwa mpangilio uleule mji baada ya mji, na kila kifo ni nakala ya kifo kilichotokea kwao utotoni: dada, mama, baba. Anairudia familia yake kupitia miili ya watu wengine. Na huku nyuma ni mwalimu, shemasi wa kanisa, mtu anayeongoza vijana wa kujitolea kujengea watu nyumba. Ana mke na watoto. Wanapokaa mezani siku ya Shukrani, sikukuu ya Marekani, ndipo tunaona hofu ilivyojaa nyumba hiyo, na meza ile inatisha kuliko mauaji yote yaliyotangulia.

Kwa fundi wetu, tafuta jeraha ambalo mtazamaji wa hapa analijua bila kuelezwa. Ninalopendekeza ni hili: alikuwa mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini asomeshwe. Hakusomeshwa. Aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho, akala akiwa jikoni, akalala stoo. Wageni walipouliza watoto wangapi, mwenye nyumba alisema watatu, naye amesimama pale na sinia la glasi. Alihesabika kama kazi.

Sasa kuna kanuni ya kuchagua. Anapopima madirisha, anatafuta nyumba yenye mtoto kama yeye. Akimkuta, anaisubiri familia. Na mtoto yule hamgusi kamwe. Kila nyumba anabaki hai.

Kanuni hii inakulipa mara tatu. Inakupa aliyenusurika. Inakupa mshukiwa wa uongo ambaye polisi yeyote angemkamata kwanza, yaani huyohuyo binti aliyebaki hai. Na inamgusa mtazamaji mahali pabaya, maana kuna nyumba ambayo tamthilia yako inatazamwa sebuleni huku mtu anaosha vyombo jikoni. Jihadhari tu usimfanye muuaji mkombozi. Ameua watoto waliolala. Kila mara hadithi inapoanza kumwonea huruma kupita kiasi, rudisha kamera kwenye viatu vya shule vilivyopangwa mlangoni.

Hatua ya 4: Jenga familia zenyewe

Tumia muda mwingi hapa kuliko kwa muuaji. Nasema hivyo nikijua utataka kufanya kinyume, kwa kuwa muuaji ndiye anayekuchangamsha akili usiku.

Familia ya tamthilia za Marekani ni baba, mama, watoto wawili na mbwa, nyumba imezungukwa na majani, jirani yuko mbali. Ukiibeba hivyo hadi Kibada inakuwa uongo. Kwetu nyumba ina bibi aliyekuja kutibiwa, mdogo wake baba anayetafuta kazi, mtoto wa kambo anayekuja likizo, dada wa kazi, na mpangaji wa chumba cha uani. Idadi ya waliolala haifanani usiku mmoja na mwingine. Tumia ukweli huo. Katika nyumba ya kwanza, mjomba aliondoka kwa basi la alfajiri na kuokoka kwa saa mbili. Polisi watamganda yeye. Katika ya pili, mtoto wa jirani alikuwa amekuja kulala kwa rafiki yake, na muuaji hakulijua hilo. Kipimo chake kilikosea, na kuanzia hapo ataanza kuyumba.

Kila familia ipe jambo moja lisilokamilika: mkopo wa vikoba, binti anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, baba anayeficha kwamba amepunguzwa kazini. Jambo hilo liendelee kuishi baada ya vifo. Matokeo yatoke. Wana vikoba wakae kikao kujadili deni la marehemu, wakiona aibu lakini wakilijadili. Hapo uchungu unaingia bila kinanda cha huzuni.

Usizifanye familia hizi mbaya ili vifo vyao vieleweke. Mama anayemlaza mtoto wa dada yake stoo anaweza kuwa huyohuyo aliyeuza kitenge chake kumlipia matibabu. Mwandike mzima.

Hatua ya 5: Andika onyesho la kuchaguliwa

Kila msimu wa aina hii una onyesho moja linalotisha kuliko mauaji, nalo ni pale familia inapochaguliwa bila kujua. Lifanye dogo. Mchana, jua, redio ya jirani inasikika.

FUNDI: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba, baba. Pita. Vumbi hilo usijali, bado tunajenga.
(Wanapita vyumbani. Fundi anapima, anaandika kwenye kipande cha boksi.)
FUNDI: Na hiki kidirisha cha huku nyuma?
MAMA: Hicho weka tu vyuma vya kawaida. Ni stoo.
FUNDI: Naona kuna godoro.
MAMA: Eeh. Analala binti.
FUNDI: Binti yenu?
MAMA: Mtoto wa dada yangu, wa kijijini. Ananisaidia kazi. Fundi, kwani jumla umesema shilingi ngapi?

Hakuna muziki. Hakuna kukaza kamera machoni. Mama amebadilisha mazungumzo, fundi ametaja bei ya chini kidogo kuliko alivyokusudia, basi. Mtazamaji wa mara ya kwanza ataona biashara. Akirudia msimu, atashika mdomo. Onyesho la namna hii liwe kwenye kipindi cha kwanza, likihusu familia ambayo itakufa kipindi cha tatu, ili liwe limeshasahaulika.

Lugha ya fundi ichunge sana. Awe mpole wa kawaida, mwenye utani wa kawaida, anayechelewa kazini na kudai malipo ya awali kama fundi yeyote. Wauaji wanaozungumza mafumbo na kutabasamu upande mmoja wamejaa mno.

Hatua ya 6: Acha polisi wakosee kwa sababu za kweli

Mpelelezi akishindwa kwa ujinga, mtazamaji anahama. Ashindwe kwa sababu mazingira yako hivyo.

Anza na eneo la tukio. Anayegundua ni jirani au muuza maziwa. Anamwita mjumbe, mjumbe anamwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kabla gari la polisi halijafika, watu arobaini wameshaingia, wamefunika miili kwa kanga, wameshika vitasa, mmoja amefungua dirisha hewa ipite. Alama za vidole zimekufa kwa wema wa majirani. Zile za fundi zikipatikana dirishani hazina maana, kwa sababu alilifunga yeye.

Pili, mipaka. Dar es Salaam ni Kanda Maalumu ya kipolisi yenye mikoa ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Weka nyumba moja kila mkoa. Kila mkoa una mkuu wake wa upelelezi, jalada lake na mshukiwa wake tayari. Kinondoni wana mgogoro wa kiwanja. Temeke wana mjomba aliyeondoka alfajiri. Ilala wanaye binti wa kazi rumande, na kwa kuwa kesi ya mauaji haina dhamana, atakaa huko huku kila baada ya wiki mbili hakimu akiambiwa upelelezi haujakamilika. Hapo una kipindi kizima ambacho hakuna anayekimbia wala kupiga risasi, na hakuna atakayetoka kwenye kiti.

Tatu, uvumi. Mtaani watasema ni waganga, ni deni, ni mwanaume wa mama. Waruhusu waseme. Mtaa unaotafuta sababu ndani ya maisha ya marehemu ni mhusika kamili, na mara nyingi ni katili.

Mpelelezi wako ningemfanya mwanamke, koplo au sajini, mwenye cheo kidogo kiasi kwamba anaombwa alete chai kwenye kikao. Na kwake nyumbani kuna msichana wa miaka kumi na minne, mtoto wa kaka yake, aliyeletwa asomeshwe. Usiliseme hili kwa mdomo wa mtu yeyote hadi kipindi cha sita. Lionekane tu: nani anafungua geti usiku anaporudi, nani anapasha chakula.

Hatua ya 7: Dokezo litoke kwenye moyo wa muuaji

Vinasaba vipo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inavipima, na unaweza kuvitumia mwishoni kuthibitisha. Lakini ukimkamata muuaji kwa vinasaba peke yake, vipindi vyote vilivyotangulia vilikuwa kusubiri majibu ya maabara.

Rudi kwa Rader. Baada ya kunyamaza miaka mingi, alianza tena kutuma barua mwaka 2004, kwa kiburi cha kutaka kutajwa. Aliwauliza polisi kama wakitumiwa diski ya kompyuta wataweza kumfuatilia. Wakamjibu kwa tangazo gazetini kwamba hakutakuwa na tatizo. Aliamini. Ndani ya diski ile kulikuwa na jina Dennis na jina la kanisa lake, ambako alikuwa mwenyekiti wa baraza. Alikamatwa Februari 2005. Teknolojia ilifanya kazi ndogo. Aliyefanya kubwa ni mtu aliyedhani polisi hawawezi kumdanganya yeye.

Fundi wetu anataka nini? Anataka kuhesabiwa. Basi mkamatishe kwa hilo. Kila baada ya mauaji anakwenda msibani. Anakaa chini ya turubai na wanaume wengine, anakula, anabeba jeneza. Na anatoa rambirambi. Mtoza fedha anauliza jina, anaandika kwenye daftari: jina, kiasi. Kwa dakika ile ameandikwa pamoja na wajomba na shangazi. Anaweza kuacha kila kitu, lakini hilo hawezi kuliacha.

Madaftari matatu, mikoa mitatu, familia zisizojuana, jina moja. Hakuna mpelelezi wa kigeni angeliwaza, na kila mtazamaji wa hapa atajipiga paji la uso. Liweke mbele ya macho mapema: kipindi cha pili kiwe na dakika nzima ya wazee wakisoma michango kwa sauti, majina ishirini yakifuatana, la kwake likiwa la kumi na tatu au la kumi na nne. Lisitamkwe tofauti na mengine.

Kabla hujasherehekea, ziba njia za mkato. Polisi wangepekua simu za marehemu wakakuta malipo kwa fundi. Kwa hiyo fedha zilipitia kwa mwenye karakana, ambaye ana mafundi sita na hatunzi kumbukumbu. Mtazamaji atauliza, na jibu liwe limeshaonekana kabla hajauliza.

Hatua ya 8: Panga nani anajua nini, kipindi kwa kipindi

Chukua karatasi, chora safu tatu: mtazamaji, mpelelezi, muuaji. Kwa msimu wa vipindi nane, mgawo unaofanya kazi ni huu. Kipindi cha kwanza hadi cha tatu, mtazamaji anamwona fundi mara nyingi lakini hamjui. Mwisho wa cha nne anajua, mpelelezi hajui. Kuanzia hapo taharuki inabadilika: swali la nani limekwisha, linabaki la lini na nyumba ipi. Dexter walikwenda mbali zaidi; walimwonyesha muuaji akiua tangu kipindi cha kwanza, wakaficha jambo moja tu, kwamba ana familia.

Mbinu rejeshi itumie mara moja, kipindi cha tano, isizidi dakika sita: stoo, sinia, wageni, "watoto watatu". Ukiirudia itakuwa kilio.

Kipindi cha saba mpelelezi aite fundi magrili nyumbani kwake bila kujua ni nani. Amefika. Anapima. Anauliza chumba hiki analala nani. Hapa usimwache msichana ajibu haraka.

Hatua ya 9: Damu

Kata. Red Dragon inaanza familia zote mbili zikiwa zimeshakufa. Graham anaingia nyumba tupu na kusoma kuta. Kwetu una kitu bora zaidi kuliko ukuta: kundi la WhatsApp la ukoo. Shangazi anatuma salamu za asubuhi. Tiki moja. Anatuma sauti akilalamika hawajibu. Tiki moja. Mtu wa Mwanza anauliza kuna nini. Unaweza kumaliza kipindi hapo na usingizi wa watu ukawa umeisha.

Watoto waigizaji wasiwepo eneo la kurekodi onyesho lolote la maiti, hata kama wameshamaliza sehemu yao. Tumia mashuka, viatu, mlango unaosukumwa na upepo. Ni nafuu pia. Damu ya bandia kwenye kuta za nyumba ya kukodi ina gharama ya rangi baadaye.

Tanzania utapita Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na runinga za huko hubanwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, muda unaohesabiwa kuwa watoto wanatazama. Amua mapema tamthilia yako ni ya saa tatu au ya saa tano usiku, maana hilo linabadilisha maonyesho kumi.

Hatua ya 10: Mahojiano

Kamata fundi bila mbio za magari. Yuko karakana, amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zinaruka, anazima mashine mwenyewe.

Chumbani, mpelelezi asimwulize kwa nini. Amwekee madaftari matatu mezani, ayafungue kurasa zenye jina lake, aanze kusoma waliotangulia na waliofuata. Fundi atakuwa anarekebisha: huyo si shemeji, huyo ni mjomba wa upande wa mama. Anawajua wote. Acha maungamo yatoke humo, kwa mtu anayejigamba kuwajua ndugu wa watu. Kurasa nne za muswada zinatosha.

Baadaye binti aliyekuwa rumande anaachiwa. Andika anakokwenda. Nyumba imefungwa, ukoo uko kwenye kikao cha mirathi, na hakuna aliyetaja jina lake kwenye orodha. Usimtafutie mfadhili. Mpelelezi anaweza kumpeleka stendi na kumkatia tiketi, au asiweze.

Ukishamaliza, andika muhtasari wa kurasa mbili wa vipindi vitatu vya kwanza na umpe mtu asiyejua hadithi. Muulize anadhani muuaji ni nani. Akimtaja fundi, umempa maneno mengi. Kata mistari yake kwa nusu na umwongezee mwenye karakana hasira kidogo. Akikutajia binti wa kazi, endelea na kipindi cha nne.